Mtoto Akiuliza: "Dawa Hii ni ya Nini?"

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Natumaini redio inasikika vizuri, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, kama watoto wanacheza karibu na mlango, waombe wasogee mbali kidogo. Si kwamba jambo la leo ni la aibu. Ni kwamba wakubwa yafaa walielewe kwanza, ndipo waweze kulisema vizuri kwa watoto.

Juma lililopita tulisoma neno KASWENDE. Tulisema kwamba mama mwenye mimba aweza kuwa na kaswende bila kuumwa popote, na mtoto akafia tumboni, au akazaliwa na vipele katika nyayo na viganja, na mafua yasiyokwisha. Tulisema pia kwamba kipimo chake ni tone la damu, na dawa yake ni sindano ya penisilini, dawa ya siku nyingi ambayo bado ina nguvu. Tena tulisema, na hapa akina baba wengine walicheka, kwamba mume naye lazima apimwe na kutibiwa, kwa kuwa mke akipona peke yake ataambukizwa tena nyumbani kwake.

Basi leo tunaendelea na ugonjwa mwingine unaotoka kwa wazazi ukamfikia mtoto. Huu hauna sindano moja ya kuumaliza. Mwalimu, andika ubaoni herufi hizi kubwa: V, V, U. Someni pamoja: VVU. Maana yake ni virusi vya UKIMWI. Virusi ni vijidudu vidogo mno, havionekani kwa macho. Hivi vya UKIMWI hushambulia kinga, yaani askari wa mwili wanaotulinda na maradhi. Askari wakipungua sana, maradhi mengine huingia bila kizuizi, na hapo ndipo twasema mtu ana UKIMWI. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na VVU miaka mingi asiwe na UKIMWI. Shikeni tofauti hiyo, maana tutaihitaji mbele.

Wazee waliomo darasani wanakumbuka ugonjwa huu ulivyoingia. Hapa Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu hawakuwa na jina lake, wakauita Juliana. Wengi walizika watoto wachanga wasijue kilichowaua. Walisema ni kuhara, ni utapiamlo, ni mkono wa mtu. Leo tunajua. Mtoto aliyezaliwa na VVU asipopata dawa, hali yake huharibika upesi kuliko ya mtu mzima. Katika watoto wa namna hiyo, karibu nusu hufa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Virusi humpata mtoto kwa njia tatu: akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, na kwa maziwa ya mama. Tufanye hesabu kidogo, maana hili pia ni darasa la hesabu. Chukua akina mama 100 wenye VVU. Wakizaa na kunyonyesha bila dawa yoyote, watoto kati ya 15 na 45 wataambukizwa. Akina mama hao hao wakimeza dawa vizuri tangu mimba mpaka mtoto aache ziwa, na watoto wakapewa dawa yao majuma ya kwanza, watakaoambukizwa hawatafika 5. Andikeni hesabu hiyo katika daftari. Iko tofauti ya watoto wangapi? Mtajibizana baadaye.

Ndiyo sababu mama mjamzito hupimwa VVU na kaswende siku ya kwanza anapofika kliniki. Na ndiyo sababu mama mwenye VVU haambiwi tena aache kunyonyesha, kama wengine walivyoambiwa zamani. Hunyonyesha, mradi ameze dawa zake kila siku.

Na mtoto mchanga je, atajulikanaje kama ana virusi? Wengi hukosea hapa. Kile kipimo cha kawaida cha kuchoma kidole hakifai kwake kabla ya miezi 18. Kipimo kile hakitafuti virusi vyenyewe, hutafuta alama za askari wa mwili waliokwisha pambana na virusi. Sasa mtoto huzaliwa akiwa na askari aliopewa na mama yake, na kipimo kitasema "ndiyo" hata kama mtoto ni mzima kabisa. Kwa hiyo muuguzi humtoboa mtoto kisigino, akadondosha damu juu ya karatasi maalumu, ikakauka, ikapelekwa maabara kutafuta virusi vyenyewe. Hili hufanywa mtoto akiwa na majuma manne hadi sita. Mama, siku ukiitwa uchukue jibu la karatasi hiyo, nenda. Karatasi iliyolala ofisini haimtibu mtu.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Mtoto amepimwa, ana VVU, amepewa dawa za kufubaza virusi. Neno kufubaza mnalijua: kitambaa kilichopigwa jua siku nyingi hufubaa, rangi yake ikafifia. Dawa hizi hazivitoi virusi mwilini, huvififisha tu vikakosa nguvu. Zamani dawa za watoto zilikuwa taabu kubwa. Iliyokuwa ya maji ilikuwa chungu, na ilitakiwa kuwekwa mahali pa baridi. Nani kijijini ana jokofu? Mwaka 2021, Kenya, Uganda na nchi nyingine za Afrika zilianza kupata kidonge kipya cha dolutegraviri kwa watoto wadogo. Chayeyuka katika maji kidogo, na kimetiwa ladha ya tunda. Mtoto hukinywa bila vita.

Basi mtoto anameza, anakua, anakwenda shule. Anacheza mpira kama wenzake. Halafu siku moja anauliza. Msikilizeni bibi huyu akizungumza na muuguzi katika kliniki. Katika darasa lenu, wanawake wawili wasome sehemu hizi kwa sauti.

MUUGUZI: Shikamoo bibi.

BIBI: Marahaba mwanangu.

MUUGUZI: Mjukuu wako hajambo? Kipimo chake cha safari hii si kizuri. Wingi wa virusi umepanda. Anameza dawa?

BIBI: Anameza. Mimi mwenyewe nampa mkononi kila jioni, na maji nampa.

MUUGUZI: Unamwona akimeza?

BIBI: Aa, namwamini. Ana miaka kumi na mmoja sasa, si mtoto wa kutiwa dawa kinywani.

MUUGUZI: Umemwambia dawa hizi ni za nini?

BIBI: Nimemwambia ni za kifua.

MUUGUZI: Naye kifua kinamuuma?

BIBI: Hakijamuuma tangu mwaka juzi. (Ananyamaza.) Juzi nilipokuwa nafagia nyuma ya nyumba nilikuta vidonge kwenye majivu. Nikadhani ni vya jirani.

Tuishie hapo kwanza. Je, mtoto huyu ni mkaidi? Hasha. Mtoto huyu ana akili. Ameambiwa dawa ni ya kifua, kifua kimepona, kwa nini aendelee kumeza? Wenzake hawamezi. Dada yake hamezi. Kila jioni anaitwa ndani peke yake na mlango unafungwa. Amekwisha tambua kwamba iko siri, na kwamba siri hiyo ni yake. Asilolijua ni jina lake tu.

Na hatari yake ni hii. Dawa ikimezwa leo, ikaachwa kesho, ikamezwa kesho kutwa, virusi huamka na kuizoea. Dawa ile ikizoewa haifanyi kazi tena, lazima itafutwe nyingine, na aina za dawa si nyingi. Kwa hiyo uongo mdogo wa kifua, uliosemwa kwa huruma, waweza kumharibia mtoto dawa yake iliyo bora.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya jambo hili mwaka 2011. Lilisema watoto wa umri wa kwenda shule, yaani tangu miaka 6 mpaka 12, waambiwe hali yao. Na walio wadogo zaidi waelezwe kidogo kidogo kwa kadiri ya akili zao. Mimi naona ni shauri jema, na nitasema sababu. Mtoto asiyeambiwa na mlezi wake ataambiwa na mwingine. Atalisoma jina katika kadi yake, maana kisomo ni kisomo, nanyi wenyewe mnajua mtu akishajua kusoma hasomi kile tu unachotaka asome. Au atatukanwa nalo na mtoto mwenzake njiani. Hapo atakuwa amejua mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba ana VVU, na kwamba watu wake wamemdanganya.

Sasa aambiweje? Hakuna haja ya kumketisha siku moja na kummwagia yote. Mtoto wa miaka mitano akiuliza, mwambie: "Mwilini mwako wamo askari wanaokulinda. Wako pia wadudu wabaya ambao wamelala. Dawa hii huwafanya waendelee kulala. Tukisahau dawa, wataamka." Hapo hukusema uongo hata mmoja. Hukutaja jina tu. Akifika miaka minane au tisa, mweleze kwamba wadudu hao hawaondoki, kwa hiyo dawa ni ya kila siku hata asipoumwa. Kisha, kabla hajaanza kubalehe, mpe jina: VVU. Ajue jina hilo nyumbani, kwa sauti anayoipenda.

Usilifanye peke yako kama moyo hautulii. Katika kliniki wako wauguzi na washauri waliofundishwa kazi hii, nao watakaa pamoja nawe na mtoto. Lakini wewe mlezi uwepo. Mtoto akisikia habari hii kwa mgeni huku bibi yake ametazama chini, ataona kwamba ni neno la aibu.

Tuendelee na yule bibi.

BIBI: Nikimwambia, atakwenda kuwaambia wenzake. Watamtenga.

MUUGUZI: Neno lako ni la kweli, bibi. Hutokea. Kwa hiyo tutamfundisha pia kwamba hii ni habari yake mwenyewe, na tutachagua pamoja naye nani ajue. Si kwa sababu ni mbaya. Ni kama fedha ya nyumbani; haikuibwa, lakini huitangazi sokoni.

BIBI: Na akiniuliza nani alimpa?

MUUGUZI: Atauliza.

BIBI: Mama yake ni mwanangu wa kumzaa. Sasa amelala kaburini. Nimchafue mbele ya mtoto wake?

Wanafunzi wangu, swali la bibi huyu ni zito kuliko yote, na wengi wanaoficha, hasa ndicho wanachoficha. Si ugonjwa wa mtoto, ni jina la mzazi. Jibu la muuguzi lilikuwa hivi: mwambie kwamba mama yake alikuwa na virusi, kwamba hakutaka kumpa, na kwamba pengine hakujua kama anavyo au dawa hazikumfikia. Mama aliyemnyonyesha mtoto wake alikuwa anamlisha. Nanyi msimtafute mwenye kosa wa kumtupia mtoto, kwa maana mtoto hawezi kumfanyia lolote marehemu, ataibeba hasira tu. Na kama mama yu hai, tena afadhali. Ameze dawa yake na mtoto ameze yake, saa moja, meza moja.

Mtoto atauliza maswali mengine mawili. La kwanza: "Nitakufa?" Mjibu kweli. Mtu anayemeza dawa zake kila siku aweza kuishi mpaka azeeke, aoe au aolewe, azae watoto wasio na virusi. Dawa zikifanya kazi vizuri mpaka virusi havionekani tena katika kipimo cha damu, hawezi hata kumwambukiza mwenzake kwa kujamiiana. Hayo si maneno ya kumfariji. Yamechunguzwa kwa wanandoa wengi kwa miaka mingi. La pili: "Naweza kucheza na wenzangu?" Aweza. Kula sahani moja, kulala kitanda kimoja, kukumbatiana, kutumia choo kimoja, hakuna hata kimoja kinachopeleka VVU.

Nataka niwatajie mtoto mmoja anayejulikana duniani. Jina lake Nkosi Johnson, wa Afrika ya Kusini. Alizaliwa na VVU mwaka 1989. Mwaka 1997 shule moja mjini Johannesburg ilisitasita kumpokea kwa sababu hiyo, na habari ikasikika nchi nzima. Mwezi wa Julai mwaka 2000, akiwa na miaka 11 na mwili mdogo kama wa mtoto wa miaka sita, alisimama mbele ya maelfu ya watu katika mkutano wa dunia juu ya UKIMWI mjini Durban. Aliwaambia yeye ni nani na ana nini. Aliitaka serikali yake iwape akina mama wajawazito dawa ya kuwakinga watoto. Tarehe 1 Juni 2001 alifariki, akiwa na miaka 12. Nkosi alijua jina la ugonjwa wake. Alichokosa ni dawa kama hizi tulizo nazo leo. Yule mjukuu wa bibi ana dawa mkononi, anazitupa majivuni kwa kukosa jina.

Wala msidhani ni wachache. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 watoto wapatao milioni 1.4 wa chini ya miaka 15 waliishi na VVU duniani, wengi wao katika Afrika. Katika watu wazima 100 wenye virusi, 77 walikuwa wakipata dawa. Katika watoto 100, walikuwa 57 tu. Mtoto hawezi kujipeleka kliniki.

Niguse upesi habari ya vijana wasiozaliwa na virusi. Hao huvipata kama wakubwa wanavyovipata, pamoja na kisonono na kaswende. Wasichana ndio wanaoumia zaidi, na mara nyingi aliyewaambukiza ni mwanamume aliyewazidi umri. Hapa Tanzania sheria ilibadilishwa mwaka 2019. Sasa kijana wa miaka 15 aweza kupimwa VVU bila kungoja ruhusa ya mzazi. Wazazi wengine hawakuifurahia. Mimi naona kijana aliyekwenda kupima mwenyewe amefanya jambo la mtu mzima, tusimgombeze. Habari za kondomu na za chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ile wanayochomwa wasichana tangu miaka 9, tutazipa somo lake.

Lakini liko jambo moja lisilongoja somo lijalo. Mtoto mdogo akionekana na usaha au vidonda sehemu za siri, usiseme ni uchafu au joto. Yawezekana mtu amemwingilia. Na kama unajua ameingiliwa, usimwogeshe, usizifue nguo zake, usikae kikao cha ukoo kwanza. Mpeleke hospitali siku ile ile. Iko dawa ya kuzuia VVU visishike, lakini lazima ianze kabla ya saa 72, yaani siku tatu, na humezwa siku 28. Kikao kinachokwenda siku nne kimekwisha mfungia mtoto mlango huo. Namba ya simu ya msaada kwa watoto, hapa Tanzania na Kenya pia, ni 116. Haina malipo. Mwalimu, iandike ubaoni, na kila mtu ainakili.

Sasa kazi ya darasa. Someni tena mazungumzo ya bibi na muuguzi, mara hii wanaume wasome. Halafu gawanyikeni wawili wawili, mmoja awe mtoto wa miaka sita, mwingine mlezi. Mtoto aulize: "Dawa hii ni ya nini?" Mlezi ajibu bila kusema uongo. Kisha mtoto awe na miaka kumi na mmoja, na swali liwe lile lile. Andikeni majibu yenu kwa sentensi mbili au tatu, kwa herufi safi, na maneno haya yawemo: askari, virusi, kila siku. Mwalimu atachagua jibu lililo bora na kulisoma mwanzo wa kipindi kijacho.

Juma lijalo tutasoma neno CHANJO. Njooni na kadi za kliniki za watoto wenu, tujifunze kuzisoma. Kwaherini.